Maduara Ambayo Sikuyachora

Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam nilitumia siku tatu. Siku ya kwanza basi lilizama kwenye tope karibu na Laela, tukashuka wote, wanaume tukasukuma na wanawake wakatucheka, na nilipopanda tena viatu vyangu vilikuwa vizito kama matofali. Siku ya pili tulifika Mbeya jua limeshazama, nikajilaza stendi nikiegemea gunia la maharage la mama mmoja ambaye hakunijua wala hakunifukuza. Alisema tu, "Ukikoroma, nakumwagia maji." Siku ya tatu ilikuwa ndefu kuliko hizo mbili: Makambako, Iringa, mlima wa Kitonga ambako abiria walinyamaza kama wako kanisani, Mikumi, Morogoro, mpaka Ubungo. Nilikuwa na miaka ishirini, begi moja, na cheti cha kidato cha nne ambacho kitu pekee kizuri ndani yake kilikuwa C ya Kemia. Binamu yangu, fundi ujenzi, alikuwa amenitafutia kazi kwenye shule ya binafsi huko Goba, shule mpya kabisa, madarasa yake mawili yalikuwa bado hayajapigwa lipu. Magari ya abiria yaliishia bondeni. Mlimani nilifikishwa na boza la maji. Dereva aliniuliza naenda kufanya nini, nikamjibu kwamba naenda kuwa mtunza maabara. Akacheka mpaka akakosea gia. "Huko juu, ndugu yangu, mtunza maji ndiye mwenye cheo."

Nimeishi kwingi baada ya hapo. Tunduma, Mererani, Kahama, Mtwara, na sasa Kigamboni, ambako nimepanga chumba na tayari nimeanza kuulizia bei za vyumba sehemu nyingine. Ndivyo nilivyo, miguu yangu haijui kukaa. Goba nilikaa mwaka mmoja tu, na huenda nisingeuandika kama mwezi uliopita nisingekwenda kwenye arobaini ya Bi Mwanahawa, aliyekuwa mwenye nyumba wangu kule. Baada ya dua tulikalishwa kwenye majamvi, sinia za pilau zikapita, na nyuma yangu wanaume wawili wa makamo walikuwa wanakumbushana mambo ya shule. Mmoja akasema, "Unamkumbuka yule Mfipa wa maabara? Alikuwa anachora maduara kwa bikari, halafu anasema yamejichora yenyewe." Mwenzake akajibu, "Wakamtimua. Watu wa Sumbawanga wana mambo yao." Wakacheka. Niligeuka na tonge mkononi nikawaambia, "Huyo Mfipa ni mimi. Na sikuchora." Yule wa kwanza alimeza, akafuta mdomo, akasema, "Samahani, braza. Ndivyo tulivyoambiwa." Ndivyo walivyoambiwa, na wameishi na maelezo hayo zaidi ya miaka ishirini bila kuumwa na kitu. Mimi nimeumwa nayo. Kwa hiyo naandika.

Chumba changu kilikuwa uani kwa Bi Mwanahawa, kikitazama jiko lake la nje. Alikuwa mwanamke wa hapahapa Pwani, mfupi, mwenye sauti ya kukata, na kazi yake ilikuwa kupamba maharusi kwa hina na piko, ile rangi nyeusi. Chumba changu kilinukia hina usiku na mchana, maana gunia la majani makavu lilikaa nyuma ya mlango wangu na hapakuwa na mahali pengine pa kuliweka. Mara nyingi nilikula kwake: ugali na dagaa wa nazi, mchicha, Ijumaa wali. Akimaliza kumpamba bibi harusi, alimwambia aweke viganja pamoja kama mtu anayefunga kitabu, kisha avifungue, na yeye akapitisha jicho kutoka kushoto kwenda kulia. Kila mara aliona kosa. "Ua la huku limenenepa," angesema, na bibi harusi angeapa kwamba halioni. "Huwezi kuliona wewe. Mie ndiye niliyelichora."

Goba ya wakati ule haikuwa na bomba. Maji yaliletwa na boza, na boza lilikuja lilipotaka. Ndiyo maana mlima mzima uliishi kwa ndoo tatu. Vyombo vilioshwa kwenye ndoo ya kwanza, vikasuuzwa kwenye ya pili, vikamaliziwa kwenye ya tatu. Na ile ya tatu haikumwagwa, kesho yake ndiyo ilikuwa ya kwanza. Nilijifunza haraka, lakini nilijifunza vibaya. Bi Mwanahawa alinigombeza wiki ya kwanza tu. "Deo! Chai ina dagaa! Umesuuzia birika ndoo gani wewe?" Nikamwambia ndoo ya mwisho. "Ya mwisho ya leo au ya mwisho ya jana?" Akaimwaga chai ile chini ya mpapai na kusema wanaume wanaosha vyombo kama wanaoadhibiwa.

Kule shuleni nilifanya hivyohivyo, kwa sababu ndivyo ilivyobidi. Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye meza sita, na kilitenganishwa na ofisi ya walimu kwa ukuta wa mbao laini ambao haukuzuia hata kikohozi. Mwalimu wa Kemia alikuwa Madam Koku, Mhaya mwenye miwani mikubwa, mkali na mwenye haki, ambaye aliniita "Bwana Maabara" mbele ya wanafunzi ili wanisikilize. Kazi yangu ilikuwa kuosha, kupanga, kuchemsha, kufuta vumbi, na kutunza ufunguo wa kabati la kemikali za gharama. Humo ndani malkia alikuwa silva naitreti, kwenye chupa ya kahawia isiyopitisha mwanga, ambayo sisi tuliita silva tu. Ukiigusa huoni kitu. Ukitoka nje kwenye jua, kidole kinageuka cheusi na hakitakati kwa sabuni yoyote.

Julai, mwalimu wa Baiolojia alitaka visahani vya jeli ili kidato cha pili waoteshe ukungu. Nikanunua jeletini inayotumika kwenye keki. Boza lilikuwa halijaja siku tatu, kwa hiyo nikachota maji ndoo ya tatu, nikachemsha, nikakoroga jeletini nzitonzito na kumimina kwenye visahani sita vya kioo. Ilikuwa na umanjano kidogo. Nikadhani ndiyo rangi yake. Asubuhi na jioni za Julai kule mlimani zina ubaridi, ikaganda vizuri. Jioni hiyo nikiwa napanga kabati, chupa ya silva, ambayo kifuniko chake kilikuwa na ufa, ilidondosha tone moja katikati ya kisahani. Moja tu. Nikalitazama, nikaona limekaa kama tone la maji, nikafunga mlango nikaenda kula.

Asubuhi nilikuta maduara. Sijui niyaeleze vipi kwa mtu ambaye hajayaona. Katikati palikuwa na doa la rangi ya damu iliyokauka, na kulizunguka duara jembamba kama uzi, kisha nafasi tupu, kisha duara jingine, kisha nafasi pana kidogo, kisha jingine. Nilihesabu tisa. Hakuna lililogusa jingine, na kila nafasi ilikuwa pana kuliko iliyotangulia, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa anapima. Niligeuza kisahani kulia na kushoto nikitafuta upande uliokosewa. Sikuupata. Sasa nakiri hapa nilichokiri siku zote: nilifungua kabati nikadondosha silva kwenye visahani vingine vinne, bila ruhusa ya mtu yeyote. Kesho yake vyote vilikuwa na maduara. Kwenye kimoja palikuwa na kiputo cha hewa, na nyuzi zilipofika pale zilijipinda kukizunguka, kisha zikaendelea na safari. Kwenye kingine nilikuwa nimedondosha matone mawili karibukaribu, na familia mbili za maduara zilikutana katikati zikasimama, kama majirani wawili wanaojua mpaka ulipo.

Madam Koku alikiinua kimoja dirishani. "Umechora na nini?" Nikasema sikuchora. "Deo, usinitanie mapema hivi." Nikamwonyesha penye kiputo. Alitazama kwa muda mrefu, akaivua miwani, akaivaa, kisha akaondoka nacho kwenda ofisini, na nikayasikia yote ukutani. Mmoja alisema ni rangi ya keki. Mwingine akasema, "Majini hayo. Huyu si wa Sumbawanga?" "Jini gani anajua bikari?" "Wa kwao wamesoma." Wakapasuka kwa kicheko. Kisha ikaingia sauti ya Mkurugenzi, mwenye shule, mtu mrefu aliyependa neno faili kuliko neno lolote, akauliza swali moja tu: silva iliyotumika hapo ni kiasi gani, na nani aliiruhusu? Kicheko kikaisha. Nilitazama vidole vyangu. Vitatu vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha.

Mkurugenzi akaamuru niyafanye mbele ya walimu wote. Kama ni kweli, alisema, yatatokea tena. Hilo lilikuwa neno la haki na nililifurahia. Nilijiandaa kama bwana harusi. Nilisugua bika, ile glasi ya kupimia, kwa sabuni na mchanga laini, nikatumia kisahani kipya kilichokuwa bado kwenye karatasi yake, na, kwa kuwa niliona jambo kubwa halifanywi kwa maji ya ndoo, nikanunua maji ya chupa. Jeli ilitoka nyeupe, safi kama machozi. Alhamisi nikadondosha tone mbele yao, chumba kikafungwa, ufunguo akakaa nao Mkurugenzi mwenyewe. Ijumaa asubuhi tukafungua. Katikati ya kisahani palikuwa na doa la kijivu lililosambaa hovyo kama jasho kwenye shati. Hakuna duara hata moja. Mkurugenzi alilitazama, akanitazama, akasema kwa upole, "Leo majini yamegoma?" Hata Madam Koku aliinamisha kichwa.

Jumatatu niliitwa. Nchini kwetu, ukikosea kazini, unaandika barua ya kujieleza. Lakini yangu nilikuta imeshapigwa chapa, imebaki saini. Ilisema mimi, jina langu kamili, nimetumia kemikali ya shule bila idhini, na kwa kutumia bikari na rangi nimechora maduara kwa lengo la kuwadanganya walimu, na kwamba naomba radhi. Nikisaini, nabaki kazini kwa onyo. Nisiposaini ndani ya siku saba, naondoka. "Ni karatasi tu," alisema Mkurugenzi. Nimekutana na watu wengi waliosema hivyo, mipakani, migodini, bandarini, na sijawahi kumwona hata mmoja akikubali kuandikwa jina lake yeye kwenye hiyo karatasi tu.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Bi Mwanahawa anachekecha hina. Aliona vidole vyangu kwanza. "Heeh! Umepaka piko, mwanangu? Unaoa na mie hukunialika?" Nikamweleza yote, na kumwonyesha kisahani nilichokuwa nimekihifadhi, kile cha kwanza. Alikichukua kwa mikono miwili. Alifanya kama alivyofanya na mikono ya maharusi, jicho kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akakigeuza na kuanza upya. "Mie nachora miaka thelathini," alisema mwishowe, "mkono wa kushoto haujawahi kukubaliana na wa kulia hata siku moja. Na hiki kimelala tu kwenye sahani, hakina hata macho." Alionekana ameudhika kweli. Nikamwambia lakini kimekataa mara ya pili, nami nilifanya kila kitu kwa usafi. Akaacha kuchekecha. "Usafi gani?" Nikamweleza sabuni, mchanga, maji ya chupa. "Na siku ile ya kwanza uliosha vipi?" Ndoo, nikasema, za kawaida. "Ya mwisho ya leo au ya mwisho ya jana?" Ya jana, nikasema. "Basi chai yako ilikuwa na dagaa, mpumbavu wewe. Sasa umetengeneza chai safi, unashangaa dagaa wameenda wapi. Kawatafute. Nani alioshwa kwenye ndoo ile kabla ya jeli yako?"

Nilikumbuka nikiwa nimesimama palepale. Kidato cha tatu walikuwa wametumia daikromati, ile chumvi ya rangi ya chungwa, na bika zao kumi na mbili nilizisuuza mimi. Ule umanjano haukuwa wa jeletini. Kesho yake, ingawa nilikuwa nimezuiwa kuingia maabara, nilimsubiri Madam Koku getini nikamwambia kuhusu ndoo. Aliniangalia kwa hasira. "Unajua Mkurugenzi akinikuta na wewe humo ndani nitakuwa na barua yangu?" Nikasema najua. Akafungua. Alipima chumvi kwa mkono wake mwenyewe, akaikoroga kwenye jeli, akadondosha silva mwenyewe, ili asiwepo mtu wa kusema ni Deo. Mchana huohuo akanipigia mluzi kutoka dirishani, mwalimu mzima, kama konda. Duara la kwanza lilikuwa limefunga.

Miaka mingi baadaye, Mererani, mjiolojia mmoja aliyekuwa anasubiri mvua iishe kwenye kibanda cha chai alinieleza kinachotokea. Kwenye jeli hakuna kinachotembea haraka. Silva inasambaa polepole, inakutana na ile chumvi, zinazaa kitu kipya ambacho kwanza kinajificha kwenye maji. Kinapozidi kiasi kinashindwa kujificha, kinadondoka chote kwa pamoja, na kinawanyonya majirani zake mpaka panabaki patupu. Silva inavuka pale patupu, inaenda mbele, na jambo linaanza upya. Yapo mawe, alisema, yamejichora mistari kwa namna hiyohiyo. Nikamuuliza, na kwa nini ni duara? Akasema kwa sababu jeli ni ileile pande zote. Tone halina sababu ya kwenda kaskazini zaidi ya kusini. Nimelifikiria hilo kwenye mabasi mengi. Siku zote nilidhani ulinganifu ni kitu kinacholetwa na mkono wa bingwa, kama Bi Mwanahawa na viganja vyake. Kumbe unaweza kuwa kile kinachobaki pale ambapo hakuna upande unaopendelewa. Hakuna aliyeuweka. Hakuna tu aliyeuharibu. Sikuwahi kukaa mahali pa namna hiyo, labda ndiyo maana nahamahama, lakini nimepaona kwa macho yangu, kwenye kisahani cha kioo.

Siku ya saba niliingia kwa Mkurugenzi saa mbili asubuhi na begi langu begani. Madam Koku alikuja nyuma yangu na kisahani cha jeli ya manjano, akakiweka mezani kwake, mahali penye ubaridi kuliko pote shuleni kwa sababu ndipo palipokuwa na kiyoyozi pekee. "Kwa ruhusa yako," alisema, na akadondosha tone kabla ruhusa haijatoka. Tukakaa. Mkurugenzi alisaini mafaili, akapokea wazazi, akanywa chai, na kila baada ya muda jicho lake lilishuka kwenye kisahani na kupanda haraka. Saa nne kulikuwa na duara. Saa tano mawili. Saa sita na nusu yalipofika manne, aliweka kalamu chini. Alikisogeza kisahani kwa kidole kimoja, akakizungusha mzunguko mzima, na nikaona usoni mwake jambo nililolisubiri wiki nzima. Kisha akafungua droo na kutoa ile barua.

"Najua hukuchora," alisema. "Saini."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaeleza bila kupandisha sauti, kama anayemsaidia mtoto na hesabu. Taarifa ilikuwa imeshakwenda kwa bodi ya shule. Ilisema kwamba mtumishi amechora maduara, amekiri, amepewa onyo. "Nikisema leo kwamba ni ya kweli, ina maana nimeiandikia bodi uongo."

"Basi umeiandikia uongo," nikasema.

Madam Koku alikohoa. Mkurugenzi hakukasirika, alinisogezea kalamu. Nikaichukua. Nilipiga mstari chini ya sehemu ya kwanza, ile inayosema nilitumia silva bila idhini, maana ilikuwa kweli, na hapo nikaandika jina langu. Sehemu ya pili, bikari, rangi, kudanganya, radhi, nikaikata kwa mistari miwili, nikahakikisha wino umepenya mpaka upande wa pili. "Barua haina nusu," alisema Mkurugenzi. "Hii inayo," nikamjibu, "na nusu yako imebaki hapo mezani, inaongezeka." Nikainuka.

Sikuwa nimepanga pa kwenda. Nilijua tu kwamba boza lingeshuka saa saba, na Bi Mwanahawa alikuwa amenifungia maandazi kwenye gazeti na kuniambia nisirudi nikiwa nimesaini, kwani hakuwa na chumba cha mtu wa namna hiyo. Mkurugenzi alitoka kwa mlango wa pembeni, faili kwapani. Madam Koku alibaki. Alikuwa amevuta kiti mpaka mezani, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, rula ya sentimita mkononi, anapima nafasi kati ya duara na duara na kuandika kwenye kiganja chake. Nikamwambia, "Madam, mie naondoka." Aliinua mkono bila kugeuka.

"Subiri kidogo, Deo. Linakuja la tano."

Sikusubiri. Nilijua litakuja.